Mwanangu Analia Kila Akiitazama Katuni Hii: Je, Niifute?

"Shikamoo mtaalamu. Nina mtoto wa kiume wa miaka saba. Wiki tatu zilizopita shangazi yake alimwekea katuni ya Inside Out. Alicheka mpaka akagaagaa chini, lakini ilipofika pale yule tembo wa pinki anapopotea alilia kwa kwikwi na usiku ule hakula. Sasa kila siku anaomba airudie, na kila ikifika pale analia. Baba yake amekasirika, anasema katuni inamlegeza mtoto, mwanamume halii. Mama mkwe alimsikia akisema 'leo Huzuni ndiye ameshika mtambo kichwani,' akaogopa, anataka tumpeleke akasomewe. Tulihamia Dodoma kutoka Tanga miezi minne iliyopita kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Nilidhani ameshazoea maana halalamiki. Mwezi huu amekojoa kitandani mara mbili, jambo aliloacha tangu ana miaka minne. Paka wake tulimwachia jirani. Je, niifute hiyo filamu? Nimemharibu mtoto?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hujamharibu mtoto. Na filamu usiifute. Ila katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyataja harakaharaka, kama mtu anayepita njia: kuhama Tanga, na paka. Mimi nimesimama hapohapo. Kabla ya kufika huko, ngoja kwanza tuitazame filamu yenyewe, kwa sababu nahisi nyumbani kwenu aliyeitazama mpaka mwisho ni mtoto peke yake.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2015, imetengenezwa na studio ya Pixar ya Marekani. Inamhusu Riley, msichana wa miaka 11, anayehama na wazazi wake kutoka Minnesota, jimbo la baridi kali ambako maji ya ziwa huganda mpaka watoto wakacheza juu yake, kwenda mji wa San Francisco. Sehemu kubwa ya hadithi inatokea kichwani mwa Riley. Humo wanaishi wahusika watano wanaopokezana kwenye mtambo: Furaha, Huzuni, Woga, Hasira na Kinyaa. Furaha amejifanya mkubwa wa wenzake, na siku ya kwanza ya shule mpya anamchorea Huzuni duara sakafuni na kumwambia asitoke humo, asiguse kitu. Nje, mama yake Riley anamwomba binti aendelee kutabasamu ili baba, mwenye shida za kazi, asizidiwe. Riley anatabasamu. Halalamiki.

Rudi sasa kwenye barua yako. Familia imehama kwa ajili ya kazi ya baba, na mtoto "halalamiki." Unaona kwa nini mwanao anaing'ang'ania filamu hii?

Watu wazima wengi hudhani katuni ni ya kumtuliza mtoto mama apike. Hii haikutengenezwa hivyo. Mwongozaji wake, Pete Docter, aliianza baada ya kumwona binti yake mwenyewe, aliyekuwa mchangamfu, anakuwa mkimya alipofikisha miaka kama 11, akataka kujua kuna nini mle kichwani. Walishauriana na wanasaikolojia, akiwemo Paul Ekman, mtafiti maarufu wa hisia na nyuso, na Dacher Keltner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Na kuna jambo moja kuhusu utengenezaji wake ninalopenda kuwaambia wazazi. Mwanzoni, aliyesafiri pamoja na Furaha katika hadithi alikuwa Woga. Kazi ilikwama miaka. Siku moja Docter alikuwa anatembea peke yake, anaogopa kwamba ameshindwa na huenda atafukuzwa, akajiuliza ni nini hasa atakachokikosa. Akaona ni watu. Na watu aliokuwa karibu nao zaidi ni wale aliowahi kulia nao, si kucheka nao tu. Akamtoa Woga, akamweka Huzuni. Filamu ikasimama kwa miguu yake.

Humo ndimo lilimo jibu la baba watoto. Huzuni ina kazi. Woga humtoa mtoto mbele ya gari, hasira humfanya adai haki yake, kinyaa humzuia kula kilichooza. Huzuni humpunguza mtu mwendo, humkalisha chini, na machozi huwaambia walio karibu: nimepoteza kitu, njooni. Ni namna ya kuita watu bila maneno. Mtoto mchanga anaijua kabla hajajua neno hata moja. Tukimfundisha mtoto kuizima, kile alichopoteza kinabaki kimepotea vilevile, isipokuwa sasa ameacha kutuita.

Najua mume wako alikolitoa neno hilo la "mwanamume halii," na simlaumu. Amelelewa nalo, na anahofu kwamba dunia ngumu itamkuta mtoto wake ni laini. Hofu hiyo ni mapenzi. Ila kujikaza uso si sawa na kutuliza moyo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha jaribio ambalo vijana wa chuo walionyeshwa vipande vya filamu, kimojawapo cha kuhuzunisha. Baadhi yao waliambiwa wazuie hisia zisionekane. Nyuso zao zilitulia kweli. Lakini huzuni waliyoisikia haikupungua, na vipimo vya moyo na mishipa ya damu vilionyesha mwili unafanya kazi zaidi kuliko wa wenzao walioachwa huru. Wahenga walishalisema hilo kwa maneno machache: mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kwa mtoto wa miaka saba, kinachoumbua mara nyingi ni godoro.

Kuhusu kukojoa huko niseme kidogo, halafu tuendelee. Mtoto aliyeacha akarudia baada ya kuhama, kufiwa au kupata mdogo ni jambo tunaloliona sana. Hafanyi kusudi, analala na mwili unamponyoka. Mara mbili kwa mwezi si ugonjwa. Asichapwe, asiaibishwe, shuka zisianikwe kwa maneno. Ila kama anaumia akikojoa, au ana homa, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo. Na kama anakunywa maji kuliko kawaida, anakwenda chooni kila mara na anapungua mwili, mpeleke siku hiyohiyo wapime na sukari.

Sasa huyo tembo wa pinki. Anaitwa Bing Bong, rafiki wa kufikirika ambaye Riley alimbuni akiwa mdogo: kidogo paka, kidogo tembo, kidogo pomboo, mwili wake ni ile pamba ya sukari wanayouziwa watoto kwenye maonesho, na akilia zinadondoka pipi. Mtoto gani hatacheka? Ndiyo ufundi wenyewe. Kicheko kinamlegeza mtoto, anaketi bila kujihami, kisha jambo zito linaingia akiwa salama. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Umeishi Tanga, umewaona watani msibani. Watu wana majonzi, mtani anafika anajilaza kwenye mwanandani anadai alipwe ndipo atoke, na mfiwa ambaye hajala tangu jana anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Kwa watu waliotulea, kicheko na kilio havikuwahi kuwa maadui.

Lakini kicheko kina wakati wake, na filamu inalionyesha hilo vizuri kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Kuna sehemu ambapo kigari cha Bing Bong, alichokuwa akikiita roketi yake na Riley, kinasukumiwa shimoni na kupotea. Anakaa chini, hana nguvu. Furaha ana haraka, anataka waendelee na safari, kwa hiyo anamtekenya, anamtolea sura za kuchekesha, anambunia mchezo. Haisaidii. Huzuni anakwenda kuketi kando yake, anamwambia tu kwamba pole, wamechukua kitu ulichokipenda, na hakitarudi. Bing Bong anasimulia kidogo, analia pipi zake, anajifuta, anasema sasa niko sawa, anasimama mwenyewe. Furaha anashangaa: umefanyaje?

Kipande hicho kina dakika chache mno. Naomba wewe na mume wako mkitazame, hata kama hamna muda wa kutazama kingine chochote. Alichofanya Huzuni ndicho wanachofanya wanawake wetu wanapoingia kwenye msiba, wanaketi mkekani kando ya mfiwa na kusema "pole" bila kumharakisha. Tunajua kumfanyia hivyo mtu mzima aliyefiwa. Mtoto aliyepoteza shule, marafiki, bahari na paka, tunamwambia "mbona Dodoma pazuri, utapata wengine." Huko ni kumtekenya.

Kile kipande kinachomliza mwanao kinakuja baadaye. Furaha na Bing Bong wameanguka kwenye shimo la kumbukumbu zinazosahauliwa, na kile kigari, walichokikuta humo, hakiwezi kuwabeba wote wawili kutoka. Jaribio la mwisho Bing Bong anajirusha chini kwa siri ili kiwe chepesi, Furaha anafika juu, na yeye anabaki anafifia mpaka anatoweka. Kwa mtoto wa miaka mitatu huo ni mchezo tu, ataulizia Bing Bong atarudi lini. Lakini kati ya miaka mitano na saba hivi watoto wengi huanza kuelewa kwamba kuna kuondoka ambako hakuna kurudi. Mwanao yuko hapo hasa. Kulia kwake pale ni dalili kwamba ameelewa. Na anairudia kwa sababu filamu ni msiba ambao yeye anajua utafika dakika gani, utadumu muda gani, na kwamba baada yake msichana anarudi nyumbani. Maishani hakujua gari la kuhamia litafika lini. Kwenye filamu anajua. Watoto hutafuna jambo gumu kwa kulirudia, kwa mchezo, kwa mchoro, kwa hadithi ileile kila usiku. Mwangalie tu: kama kilio kinapungua kadiri anavyorudia, na baadaye anacheza na kula, linatafunwa. Kama kila mara kinazidi na anabaki amenywea saa nyingi, hapo mpumzisheni nayo wiki kadhaa, bila kumfanya aone kwamba ameadhibiwa.

Kwa mama mkwe, mfikishie salamu zangu kwa heshima. Mtoto anaposema Huzuni ameshika mtambo, anatumia lugha ya filamu kusema "leo nina majonzi." Sisi wenyewe tunasema roho inaniuma, moyo umekuwa mzito, hasira zimenipanda, na hakuna anayetafuta aliyepanda. Kwa kweli ningefurahi kama watu wazima wengi wangeweza kusema waziwazi hivyo. Akitaka kumsomea dua mjukuu wake, dua ni mapenzi na haina ubaya. Ninachoomba ni kimoja: mtoto asiambiwe wala asisikie kwamba ameingiliwa na kitu, maana hapo atajifunza kwamba kusema anavyojisikia kunawatisha watu, na hatasema tena. Ingekuwa tofauti kama angesikia sauti ambazo si za kucheza, zinazomwamrisha kujiumiza au kuumiza wengine, au akiwa hawezi tena kutofautisha katuni na maisha. Sioni dalili hiyo kwenye barua yako.

Filamu yenyewe si kamilifu, nisikufiche. Inamaliza kwa kukumbatiana jioni moja na mambo yanakaa sawa, wakati mtoto wa kweli huchukua miezi kuzoea mahali, wengine mwaka mzima. Hesabu ya hisia tano ni uamuzi wa watengenezaji. Orodha ya zamani ya Ekman ilikuwa na mshangao pia, na wanasayansi bado wanabishana juu ya idadi. Kuna mchekeshaji mkubwa wa kutisha, aliyejipaka rangi usoni, ambaye watoto wengine humwota usiku. Na kuna jambo la kuzungumza naye wazi: Riley anaiba kadi ya benki ya mama yake na kupanda basi kurudi alikotoka. Mwulize bila kumtega, "Wewe ukiikumbuka Tanga sana utafanyaje?" Ajue jibu ni kuja kwenu, si kwenda stendi. Sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 2024, inaye Wasiwasi na Riley ameshabalehe. Humo kuna tukio la taharuki kali ambalo binafsi ningelisubirisha mpaka mtoto awe na miaka tisa au kumi.

Kwa hiyo mna njia tatu. Kuifuta: kutaleta utulivu wa siku mbili, na mtoto atapoteza kitu kingine tena bila kuulizwa. Kumwacha aendelee peke yake na simu: analia peke yake, na hicho ndicho kinachonisumbua mimi, si kilio. Ya tatu ni kutazama naye, mara moja kwa wiki, si kila siku, mchana au jioni mapema, si wakati wa kulala. Kama Kiingereza kinamsumbua au kinawasumbua ninyi, msimulie kwa Kiswahili chako mwenyewe, kama wale watafsiri wa vibanda umiza wanavyofanya, uingize na majina ya kwenu. Filamu haipungui kitu, inaongezeka. Mimi nimewahi kuisimulia kwa wajukuu hivyo, na Minnesota ikawa Lushoto.

Ikifika kwa Bing Bong msiiruke. Baba akae upande mmoja, wewe mwingine. Usimwulize "unalia nini?" maana swali hilo kwa masikio ya mtoto ni karipio. Sema, "Hapa panauma, eh?" kisha nyamaza. Kimya ni kigumu, najua. Hesabu mpaka ishirini ukilazimika.

Baadaye, siku nyingine, tafuteni gololi. Kwenye filamu kila kumbukumbu ni kama gololi kubwa yenye rangi: ya njano ni furaha, ya buluu ni huzuni, na Huzuni akiigusa ya njano inabadilika rangi. Hilo lina ukweli ndani yake. Kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye albamu. Kila tunapoikumbuka tunaijenga upya, na hali tuliyonayo leo huipaka rangi. Ndiyo maana jambo tamu la Tanga, akilikumbuka akiwa Dodoma, sasa linamchoma. Mwombe achague gololi na kusema ni siku gani: kuogelea Raskazone, kupakiwa kwenye baiskeli ya baba, machungwa. Asilazimishwe zote ziwe njano. Mwishoni mwa filamu, Riley anapowaambia wazazi wake kwamba anaikosa Minnesota, inatokea gololi ya kwanza yenye rangi mbili pamoja.

Na kinachoileta si maneno ya hekima. Baba yake anasema tu kwamba naye anakukosa kule, na yeye na mama wanataja misitu waliyokuwa wakitembea, ua aliokuwa akichezea mtoto, ziwa alilokuwa akiteleza juu yake. Mume wako ametoka baharini kuja kwenye upepo na vumbi la Dodoma, na kazi mpya juu. Sidhani hakukosi kwao. Mwombe amwambie mtoto kitu kimoja anachokikosa Tanga, kimoja tu, wakiwa wawili. Sihitaji alie. Mtoto akijua kwamba baba naye anabeba hilo na bado anaamka kwenda kazini, atajifunza ukakamavu ambao baba mwenyewe anautaka.

Nimeandika kama vile nina uhakika ni kuhama tu, na huenda sivyo. Muulize taratibu kuhusu shule: anakaa na nani wakati wa mapumziko, nani humwonea, mwalimu gani anamwogopa, kuna mtu amemshika mahali asipopapenda. Ongea na mwalimu wake. Ukisikia lolote la kudhuriwa, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Na mtafute mtaalamu ana kwa ana kama kwa zaidi ya wiki mbili, siku nyingi kuliko chache, amekuwa mnyonge, hali, halali, hachezi, anakataa shule, au kukojoa kunazidi. Akisema anatamani kufa au asingezaliwa, usisubiri wiki, nenda siku hiyo. Uko Dodoma, mna hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya Benjamin Mkapa, na Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua jina la Mirembe linavyotumiwa mtaani kama tusi, na linaniumiza, kwa sababu huko wapo watu waliosomea kusikiliza, na kumpeleka mtoto kwao hakumpi mtu alama yoyote.

Nimebaki na paka. Uliandika sentensi moja, ya mwisho kabla ya maswali, na hukumtaja jina. Sasa fikiria: rafiki wa utotoni, sehemu yake paka, anaachwa nyuma ili wengine waweze kuendelea na safari, naye anafifia. Sijui kama mwanao ameunganisha hivyo, lakini mimi niliposoma barua yako niliunganisha. Je, mtoto aliagana naye? Kuna mtu aliyemwambia anaendeleaje?

Mpigie jirani leo, kwanza ukiwa peke yako, ujue habari kamili. Kama paka mzima, mwombe picha, halafu jioni pigeni tena pamoja, mtoto aulize mwenyewe anachotaka, hata kama ni kitu gani paka alikula mchana. Kama amepotea au amekufa, usimwambie amesafiri. Mketishe, mtaje paka kwa jina lake, mwambie ukweli kwa maneno mafupi, na ukae hapo.